Tangazo la Kifo cha Nyundo wa Kabiria

Siku ya kuniaga, ninyi vijana mnaotangaza mkiwa mmeketi na muziki mkiubonyeza kwa kidole kimoja mliniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nyumbani sina wa kumtangazia. Mke wangu ameniamuru niseme kama binadamu wengine, maana majirani walikuwa wanajua tunakula nini kila jioni. Pili, naona mnawafundisha wageni wa kazi maneno kabla ya kuwafundisha kunyamaza, na jambo hilo linanikera.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya hamsini. Hali ya hatari ilikuwa imeanza kulegea, ingawa vipande, vile vitambulisho vya lazima vya mkoloni, bado tulitembea navyo mifukoni. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi, upande wa Kakamega, nikiwa na shati moja zuri na sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliisifu ili nisiache kuja mazoezini. Kampuni yetu ilikuwa na uga nyuma ya River Road na pikapu moja ya kijani. Juu ya paa kulikuwa na spika mbili za tarumbeta, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma kama mke na mume waliogombana.

Mwalimu wangu aliitwa Zakaria. Ndiye aliyekuwa mtangazaji kabla sauti haijamkimbia, na sasa alikuwa dereva. Alibakiwa na mkwaruzo tu kooni, na kwa mkwaruzo huo alinifokea tangu asubuhi ya kwanza. Alinipa maikrofoni nijaribu. Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele ambao mafundi cherehani wa upande wa pili wa barabara waliuzibia masikio.

"Unaita nani?" Zakaria akaniuliza baada ya kuzima mashine. "Ng'ombe? Kupiga kelele ni kazi ya spika. Yako ni kuongea tu."

Somo hilo moja linatosha kwa mwaka mzima, na kuna watu hapo kazini ambao bado hawajalipata. Mengine aliniongezea kidogo kidogo. Maikrofoni ilifungwa leso ili herufi ya "p" isiwapasue watu masikio. Tangawizi ilitafunwa na maziwa hayakunywewa kabla ya kazi. Katikati ya mji kuta zilikurudishia neno lako usoni, kwa hiyo ulisema kidogo ukangoja. Kule Riruta na Kabiria upepo wa mabonde ulilichukua neno ukalipeleka kwa mtu ambaye hukumkusudia, kwa hiyo ulisema kila kitu mara mbili. Betri iliwekwa nyuma ya gari, na asidi yake ilikula nguo. Mtangazaji wa enzi zile ungemtambua kwa matundu ya suruali hata akiwa kanisani.

Na santuri ilitangulia siku zote. Hiyo haikuwa mapambo. Serikali nayo ilikuwa na magari ya spika, na hayo yalileta habari za kafyu na msako. Watu wakisikia gitaa, watoto walitoka mbio kutulaki. Wakisikia sauti kavu, hata kuku waliingia ndani.

Tulitangaza sabuni, sinema na dawa ya minyoo. Hiyo ya minyoo niliitangaza kwa bidii iliyoniletea jina ambalo silitaji hapa. Lakini kitu kilicholipa gari letu heshima kilikuwa ngumi. Zakaria alikuwa amebuni namna yake ya kutangaza pambano, na mimi nikairithi pamoja na leso. Santuri ikinyamaza, tulianza kwa sauti nzito ya mazishi:

"Tangazo la kifo! Kwa masikitiko makubwa, tunawatangazia kifo cha fulani, kitakachotokea Jumamosi alasiri, mikononi mwa fulani. Marehemu bado yuko hai na anakula vizuri. Leteni majembe!"

Watu waliipenda ajabu. Wengine walitoka nje na majembe kweli, wengine na sufuria na miiko, wakalisindikiza gari wakipiga kelele kama matanga ya kifalme. Wanawake walijitia kulia. Mabondia wenyewe walifurahi, na kijana ambaye gari letu halijamzika hata mara moja alijiona hajakomaa.

Aliyewazika wenzake wengi kuliko wote alikuwa Festo Makokha, Nyundo wa Kabiria. Alikuwa mmoja wa vijana wachache waliopigana ngumi za kulipwa, mrefu, mwembamba wa kiuno, mtu wa kwetu magharibi, akiishi Kabiria na mama yake. Mama Rasoa aliuza ndizi katika soko la Riruta. Pambano likikaribia, Festo alipanda gari letu akapungia watu mkono huku akila ndizi za mama yake. Nilimpa maikrofoni mara nyingi. Ulingoni hakumwogopa mtu, lakini mbele ya maikrofoni alisema "Njooni" kisha akaficha uso. Watu wakashangilia kuliko nilivyowahi kushangiliwa mimi, na nilijisikia wivu kidogo.

Pambano alilokuwa akilingojea lilikuwa kati yake na Jeremia Mutiso. Mutiso alikuwa Mkamba wa upande wa Machakos, mfupi na mpana, makanika katika gereji moja mjini. Alikaa Kawangware kwa mjomba wake aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Juma zima tulikuwa tumemzika Mutiso kila kona ya mji. Siku moja tulimkuta barabarani ana chakula mkononi, akasimama akavua kofia kwa heshima ya maiti yake mwenyewe.

Halafu Jumapili, Festo akauawa.

Alikuwa anatoka kanisani. Karibu na soko la Riruta mwizi alimpokonya mwanamke kikapu, naye Festo akamkimbiza. Alimpata, akampiga moja, akachukua kikapu. Mwenzake mwizi akaja kwa nyuma na kisu. Hivyo tu. Mwanamke mwenye kikapu alisimulia hayo kwa kila aliyemuuliza, na polisi waliwakamata wezi wote wawili muda si mrefu. Niliposikia niliketi chini palepale ugani. Nilimpenda yule kijana, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu wanaume wa wakati ule tuliambiana tu kwamba leo kuna joto.

Lakini ukweli ule ulikuwa mdogo mno kwa mtu aliyependwa kiasi kile. Penye wengi pana mengi. Wengine walisema amerogwa, na wengine walisema ni watu wa kamari. Sokoni Kawangware muuza samaki mmoja aliapa kwamba Festo ameonekana akipanda gari la moshi akiwa na afya njema. Neno lililoshika moto kuliko yote lilikuwa hili: Mutiso alimwogopa, akatuma watu. Jioni ileile kibanda cha mjomba wake kilipigwa mawe.

Jumatatu asubuhi Mama Rasoa alimtuma mzee wa kanisa kwa tajiri wetu, mwenye kampuni. Jeneza lingetoka Kabiria kesho yake saa sita mchana kwenda stesheni, ili mwanawe arudishwe kwao kwa gari la moshi. Aliomba gari lile lililomtembeza Festo liwaambie watu. Tulikuwa tunapakia betri Mutiso alipoingia ugani, amevaa koti la Jumapili.

"Mzee Zakaria, nipelekeni Riruta," alisema. "Nataka kumpa mama pole."

"Unataka kumpa pole au unataka kumfuata mwanawe?"

"Nikikimbia leo, watasema ni kweli. Na mjomba yangu hawezi kukimbia, ako na ile duka."

Zakaria akainua turubai nyuma ya gari. "Kaa hapo. Usiguse asidi. Kama ni kufa leo, uuawe na watu, si na betri yangu."

Tulianzia mjini. River Road ilikuwa imejaa. Santuri niliiacha, nikashika maikrofoni, nikasema neno ambalo kila mtu hulisema akitangaza kifo, kwa kuwa hakuna lingine.

"Tangazo la kifo."

Barabara nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Kwa masikitiko makubwa," nikaendelea, "tunawatangazia kifo cha Festo Makokha..."

"Leteni majembe!" wakaitikia. Fundi cherehani akaruka kutoka kwenye mashine yake na futi shingoni. "Leo mmemgeuza! Mnazika Nyundo mwenyewe! Kichwa ya Zakaria ni moto!" Mwingine akaanza kugonga bati. Wanawake wawili wakajitia kulia, wakiegemeana kwa madaha.

"Amekufa kweli, ndugu zangu."

"Kweli kabisa!"

"Si mchezo!"

"Si mchezo! Si mchezo!" wakaimba, na mtu akauliza tiketi zinauzwa wapi.

Hapo ndipo nilipoiona hasara yetu. Maneno yote ya msiba ambayo Kiswahili kinayo tulikuwa tumeyatumia kuuzia tiketi. Masikitiko, marehemu, buriani, yote tuliyachezea mpaka yakalegea, na sasa yule kijana alihitaji moja tu lililo zima, nasi hatukuwa nalo. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Niliweka maikrofoni chini, nikashuka. Sikuwa na mpango wowote. Nilisimama tu mbele ya gari nikilia, na kwa kuwa mtangazaji hajui kulia kwa sauti ndogo, nililia vibaya. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitazama usoni. Akaivua futi shingoni taratibu. Bati likanyamaza, kisha barabara nzima, mpaka nikasikia cherehani moja iliyokuwa bado inazunguka yenyewe. Baada ya hapo niliwaambia mambo ya jeneza na saa ya stesheni kwa mdomo mtupu, na kila mtu alinisikia.

Ndiyo maana nawaambia mjifunze kunyamaza. Mwasema ni mambo ya kizee.

Riruta tulifika alasiri. Huko walikuwa wanajua amekufa, na shida yao ilikuwa kinyume na ya mjini. Walipoliona gari la kijana wao likija na spika zake, walidhani tumekuja kufanya mchezo. Vijana wa kwetu, wengine waliotoka mjini kwa baiskeli, walikuwa wamesimama sokoni na marungu, wakijipanga kwenda Kawangware. Wakalizunguka gari.

"Mumekuja kumzika na kichekesho?" aliuliza mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote, seremala ambaye jina lake nimelisahau lakini mikono yake siwezi. "Washa hiyo kitu yako tuone."

"Ndugu, tumetumwa na mama," nikasema.

"Na hapo nyuma munabeba nini?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, turubai likainuka. Mutiso aliteremka, akakung'uta koti. Suruali ilikuwa imeshapata tundu moja. Zakaria akashusha pumzi kama gurudumu.

"Mimi ndio Mutiso," alisema bila maikrofoni. "Nasikia munanitafuta Kawangware. Nimeona niwapunguzie safari."

Nilifikiri nimesikia kicheko, lakini kilimezwa. Watu wakasogea. Mutiso hakurudi nyuma, wala hakukunja ngumi.

"Mwenye anataka kunipiga, aje. Lakini mmoja mmoja, vile Festo mwenyewe angefanya."

Seremala akaniangalia mimi kwanza. "Na wewe Eliakimu, mtu wa kwetu, ndiye unatuletea huyu?" Kisha akamgeukia Mutiso. "Ulimwogopa! Ukatuma watu wa visu!" Akainua rungu. Sina ushujaa wa kujisifia hapa. Nilimtazama tu mtu akikaribia kufa mbele yangu katikati ya soko, jua likiwaka na ndizi zikiwa zimepangwa kwenye magunia.

"Weka hiyo mti chini."

Mama Rasoa alikuwa amekuja kutoka upande wa kanisa, amejifunga leso kiunoni, na nyuma yake yule mwanamke mwenye kikapu. Umati ulimpisha. Hakupaza sauti. Zakaria angempa kazi siku hiyohiyo.

"Mwanangu amekufa akimrudishia huyu kikapu yake," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na aliimaliza. Sasa nyinyi munasema hapana, ilikuwa ni mambo ya ngumi, mambo ya hofu. Mwizi amechukua mtoto. Na nyinyi munataka kuchukua hata hiyo?"

Rungu likashuka. Seremala alitazama viatu vyake kama mtoto wa shule. Yule mwanamke mwingine akakikumbatia kikapu na kulia, kilio cha kweli, na wala hakuna aliyeuliza kama ni mchezo. Nilidhani mambo yameisha. Lakini Mama Rasoa alimsogelea Mutiso, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, jinsi mtu anavyopima mkungu wa ndizi kabla ya kuununua.

"Ni wewe mlikuwa mpigane Jumamosi?"

"Ni mimi, Mama. Pole."

"Kama mngepigana," alisema, "ungempiga?"

Ninyi hamkumjua Mutiso, kwa hiyo nawaeleza uzito wa swali lile. Bondia wa kulipwa anaishi kwa jina. Jibu lolote atakalolitoa sokoni Jumatatu litakuwa limefika Pumwani kabla ya giza na Machakos kabla ya Ijumaa. Akisema angeshinda, anamtukana maiti mbele ya wenye maiti, na marungu bado yako mikononi. Akisema angeshindwa, anajizika mwenyewe, na safari hii bila msaada wa gari letu. Alivua kofia.

"Angenipiga, Mama," alisema.

"Raundi ya ngapi?"

"Ya tatu."

Mama Rasoa alicheka. Machozi yalikuwa yanatiririka na bado alicheka, akapiga kofi moja, akamgeukia seremala. "Umesikia? Ya tatu!" Na umati ukapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kazini, kilio na shangwe vikitoka kwenye kifua kimoja. Mtu akasema, "Huyu Mkamba ni mwanamume." Mwingine akaleta isukuti, zile ngoma zetu tunazowazikia watu wa maana, na yule seremala ndiye aliyeichukua kubwa akaipiga kwa mikono iliyokuwa na rungu dakika chache kabla. Mutiso alipewa maji, kisha uji, kisha ndizi. Alikula kila kitu, maana wenye kumlisha walikuwa wengi na alihisi si wakati mwema wa kukataa.

Kesho yake tulimsindikiza Festo. Gari letu lilikuwa na kibali, umati haukuwa nacho. Inspekta mmoja alitusimamisha tulipokaribia mji, akauliza huu ni mkutano wa nini. Nyuma yetu watu walijaa mpaka mwisho wa macho, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu wa Riruta, mayaya na wapishi walioruka nyua za matajiri wao. Zakaria alitoa kichwa dirishani, akasema hao ni abiria wanaoelekea stesheni, ila wamelingana saa. Inspekta alitazama jeneza, akatazama ngoma, akavua kofia na kupisha. Mafundi cherehani wa River Road walisimama mlangoni wakishikilia majembe. Hawakuyagonga. Waliyashika tu wima, wakayainamisha tulipopita.

Mutiso alibeba jeneza upande wa mbele, kwa kuwa Mama Rasoa alimchagua mwenyewe. Seremala alikuwa upande wa pili, na kwa vile walitofautiana urefu, jeneza lilikwenda limeinama kidogo njia nzima na hakuna aliyejali. Stesheni, mama alimshika Mutiso mkono kupitia dirisha la behewa mpaka gari la moshi lilipoanza kusogea. Nilimsikia akiwaambia wanawake aliokuwa ameketi nao, "Huyu ndiye yule wa raundi ya tatu."

Tulirudi watatu kwenye kiti cha mbele, Mutiso katikati. Tuliuacha umati nyuma. Mimi ndimi niliyeshindwa kuvumilia.

"Kweli angekupiga?"

Mutiso alikuwa anatazama barabara. "Alikuwa anashusha mkono ya kushoto kila akitupa ya kulia," alisema. "Nimemwangalia mapambano yake yote. Ningempiga mimi." Akafuta uso kwa kofia. "Raundi ya tatu."

Zakaria alipunguza mwendo, akanigeukia. "Hiyo maikrofoni imezimwa?"

Niliangalia swichi. Ilikuwa imezimwa. Nikaizima tena.